Ngeli ya Asiyeuma

Kibirizi wanawaita mbu.
Katonga, usubi.
Mama Nyabenda, anayeanika dagaa karibu na reli,
huwaita "watoto wako",
kwa kuwa mimi ndiye ninayelipwa kuwahesabu.

Asubuhi naletewa chupa ya mtego wa taa:
spiriti, na ndani yake kitu kama majani ya chai
yaliyochujwa vibaya.
Namwaga kwenye sahani. Nashika kibano.
Nasogeza jicho kwenye hadubini,
na majani ya chai yanaota miguu.

Huyu dume: vipapasio vyake ni manyoya,
brashi mbili za kusafishia chupa ya mtoto.
Huyu jike, vipapasio vyembamba, hana makuu.
Huyu ana madoa bawani. Huyu ni kijani cha mlenda.
Huyu miguu yake ina pete, nyeusi, nyeupe, nyeusi,
kama kizuizi cha barabarani pale Kidahwe.
Nilianza na mafungu matatu. Kufikia saa sita yalikuwa kumi na tisa,
na taa ilikuwa moja,
na usiku ulikuwa mmoja.

Baba alifundisha ngeli miaka thelathini na moja.
Ubaoni aliandika U-ZI, akauliza: usubi?
Sisi, kwa pupa: "Usubi huu!"
Fimbo ikagonga meza.
"Kina roho. Chenye roho kinakwenda A-WA,
hata kikivaa U kichwani kama kofia ya kuazima."

Sikujua ningekuja kuishi ndani ya lile swali.
Maana huyu anahama ngeli kabla hajahama maji:
yai, ndani ya ute;
kisha buu, mabuu, kwenye tope la mlango wa Luiche,
mwekundu, na wekundu ule ni damu yake mwenyewe,
hajaikopa kwa mtu;
kisha anapanda juu, anapasua mgongo,
anaruka, anaacha kanzu yake ikielea.
Nakusanya hata kanzu. Kanzu nazo zina ukoo.

Ajabu, buu ana meno. Namtambua kwa meno ya kidevuni,
nayahesabu kama mganga wa meno:
la kati, ya pembeni, lile lililochongoka.
Akishakuwa mtu mzima hana mdomo wa maana.
Wazee wetu hung'oka meno moja moja;
yeye huyaacha yote siku moja, majini.

Juzi walipita vijana wenye bomba la dawa.
Mama Nyabenda akawaonyesha ile nguzo,
moshi usio na moto juu ya paa la choo,
unaolia kwa sauti moja nyembamba.
"Malaria hiyo. Pulizeni." Wakapuliza.
Wadudu wakaanguka juu ya dagaa wake kama ufuta.
Sikumlaumu. Mwanawe alizikwa Machi.
Homa haikumwuliza jina la mdudu.

Jioni nilimpelekea mmoja aliye hai, ndani ya glasi.
"Mbu akitua huinua miguu ya nyuma. Tazama huyu."
Akatazama. Alikuwa ameinua ya mbele, yote miwili,
kama mtoto anayejua jibu na hachaguliwi.
"Haumi?"
Haumi.
"Anakula nini?"
Karibu hali kitu.
"Sasa duniani anakuja kufanya nini?"
Kuoa, nikasema. Siku mbili, tatu.
Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akanyamaza,
akafunika glasi kwa kiganja,
akafunua, akafunika tena.

Kuna mmoja hajakubali fungu lolote.
Funguo zote nimejaribu: swali la bawa, swali la goti,
swali la mkia wa dume; kila "ndiyo" inanifikisha ukutani.
Nimemwandikia kibandiko kwa penseli,
maana wino huyeyuka kwenye spiriti:
Luiche, mlangoni pa mto. Fungu la ishirini.
Jina, kistari.
Kistari chenyewe nimekivuta kirefu kidogo.